Skauti, akademi ya mpira au tuisheni: kijana wa darasa la sita apelekwe wapi hapa Tanga?

MamaMabawa
Wakuu, habari za jioni. Nina kijana wa miaka 12, yuko darasa la sita hapa Mabawa. Jumamosi asubuhi ndiyo nafasi yake pekee, mchana anakwenda madrasa. Yeye anapenda mpira. Baba yake anataka tuisheni ya hesabu. Shuleni kwao kuna kundi la skauti na wenzake wanamvuta huko. Uwezo wetu ni kitu kimoja tu. Skauti tunawaona kwenye sherehe wakipiga gwaride na kumvisha mgeni rasmi skafu. Zaidi ya hapo mtoto anapata nini? Mliopitia naomba mnisaidie.

MgosiWaNgamiani
Dada, nimekuwa skauti miaka yote ya sekondari. Gwaride ni sehemu ndogo sana. Kinachomjenga mtoto ni vile vikosi vidogo. Kundi linagawanywa, kila kikosi watoto sita au saba, na kiongozi wao ni mtoto mwenzao. Mkienda kambi, kikosi chenyewe ndicho kinaamua nani achote maji, nani atafute kuni, nani asonge ugali. Mwalimu yupo, lakini amekaa pembeni. Kijana wa miaka 13 akishawalisha wenzake kwa siku tatu anarudi nyumbani ana macho mengine. Anaona unga umepungua kabla mama hajasema.

KochaWaJioni
Mimi nafundisha mpira watoto, kwa hiyo mnijue ninapozungumzia. Mji huu umetoa Coastal Union, mabingwa wa 1988, na vipaji bado vipo mitaani. Mtoto mwenye kipaji cha kweli msimcheleweshe: kutumia miguu yote miwili na kupokea mpira vizuri ni vitu vya umri huu, akifika miaka 16 ni shida kuvirekebisha. Lakini niseme pia, wanaoanza mechi ni 11, na uamuzi wote uko kwangu. Mtoto wa kawaida anakaa benchi akisubiri nimwite. Mama, huyo wako yukoje uwanjani?

MamaMabawa
Wa kawaida, kocha. Anafurahi tu kucheza.

KochaWaJioni
Basi mpira ataupata jioni hapo hapo mtaani, na bure. Jumamosi yake ipeni kitu ambacho mtaani hakipo.

MwlMstaafu_Pongwe
Wanangu, nimelea makundi ya skauti shuleni kwa muda mrefu. Mgosi amegusa penyewe kuhusu vikosi, na jambo hilo lina asili. Agosti 1907 Baden-Powell, jenerali wa Uingereza, alipiga kambi na wavulana kama ishirini kwenye kisiwa cha Brownsea. Wengine walikuwa watoto wa wenye nazo, wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Akawachanganya, akaunda vikosi vinne, kila kimoja na kiongozi wake kijana. Skauti yote imeota hapo. Mzee huyo alimalizia maisha Nyeri, jirani zetu Kenya, na kaburi lake liko huko tangu 1941. Nalisema hili kwa sababu kuchanganyika kule bado kunafanya kazi: kambini mtoto wa shule ya kulipia na mtoto wa shule ya kata wanalala hema moja na kula sufuria moja.

Kwa baba anayetaka hesabu, amwone skauti na ramani. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita mbili ni kilomita moja. Mtoto aliyepima njia ya kwenda mapango ya Amboni kwa rula, kisha akaitembea kwa miguu akiwa na dira mkononi, humwulizi tena skeli ni nini. Pembe anazisoma kwenye dira. Akifika mapangoni anaelezwa jinsi maji yalivyoyeyusha mawe ya chokaa kidogo kidogo, na jiografia nayo imeingia. Tuisheni ina kazi yake, hasa mtihani ukikaribia, ila mwaka huu mmoja bado mnao.

BintiWaPangani
Shikamoo mwalimu. Mimi naongeza chaguo ambalo halijatajwa: vijana wa Msalaba Mwekundu. Kwa huduma ya kwanza peke yake, naona wao wanakwenda ndani zaidi. Mtu akiungua, weka sehemu hiyo kwenye maji safi yanayotiririka dakika 20, achana na dawa ya meno. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kila mtoto wa Tanga angejua haya tu, tungeokoa watu. Skauti nao wanafundishwa, ila inategemea kiongozi anajua kiasi gani.

Na hapo kwenye kiongozi ndipo wazazi tukazane. Skauti wetu wanapokea wasichana na wavulana, jambo zuri, lakini kambi yenye wasichana bila kiongozi mwanamke mimi simruhusu binti yangu, wala sitaki mtu mzima alale hema moja na mtoto. Ulizeni mapema, msione haya.

MamaMabawa
Shikamoo mwalimu, ahsanteni wote. Vipi sare? Na wakienda pwani kule Raskazone, wasiojua kuogelea wanafanywaje? Wangu hajui.

MwlMstaafu_Pongwe
Marahaba mwanangu. Sare isikutishe. Anza na skafu, shati na kaptula vitafuata, na mara nyingi waliomaliza shule huwaachia wadogo zao. Kuhusu bahari, kiongozi makini anajua saa za maji kujaa na kupwa kabla hajatoka, anawagawa watoto wawili wawili wakiwa majini, na asiyejua kuogelea haendi zaidi ya magoti. Mwulize hivyo hivyo nilivyoandika. Akikujibu kwa utulivu na kukupa fomu ya ruhusa usaini, mpeleke. Akikwepa swali, subiri kundi lingine.

MamaMabawa
Jumamosi hii nakwenda kumwona. Baba yake nimemsomesha ile ya ramani, amesema tuisheni ingoje Januari.