Magurudumu ya baiskeli: inchi 29 mbele na 27.5 nyuma, au 26 mbele? Ipi inafaa?

Mwendapole
Wakuu, fremu ni ya 27.5, breki za diski, foku (uma wa mbele) ya springi inayobonyea 100 mm. Ringi ya mbele imekwisha. Nifunge 29, 26, au nirudi 27.5? Njia ni mawe na changarawe.

Spoki36
Inchi zinadanganya, soma milimita za kipenyo cha ringi ubavuni mwa tairi. 29 ni 622, 27.5 ni 584, 26 ya baiskeli za milimani (mountain) ni 559. Ipo "26" nyingine ya 1 3/8, hiyo ni 590, na 28 ya breki za fimbo ni 635. Tairi zao haziingiliani hata kwa nguvu.

Ukifunga 29, ekseli ya mbele inapanda 19 mm (nusu ya tofauti ya 622 na 584). Kama ekseli mbili zimeachana mita 1.1, foku inalala kama digrii 1 na pedeli zinapanda 7 mm hivi. Baiskeli inameza mawe na inatulia kwenye mteremko. Kwenye mwendo wa polepole usukani unakuwa mzito, na ukipanda mlima mkali mbele kunanyanyuka. Shusha usukani kwa kuhamisha speisa (pete zilizo chini ya shingo ya usukani) ziende juu yake.

Tairi_Bovu
26 mbele ni kinyume chake: foku inasimama wima, pedeli zinashuka kama 5 mm, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Kwa mawe, hapana. Hata kwenye downhill (mbio za kushuka mlima), UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, waliporuhusu saizi mbili tofauti mwaka 2019, kubwa ndiyo iliyokwenda mbele.

Fundi wa Kona
Mnamshauri anunue kabla ya kupima foku? Toa springi (au hewa), funga gurudumu la 29, bonyeza foku mpaka mwisho. Kati ya tairi na pale miguu ya foku inapoungana juu zibaki angalau 6 mm. Foku nyingi za 27.5 zinapitisha 29 nyembamba foku ikiwa haijabonyea tu. Ukiingia shimoni tairi inagusa, gurudumu linagoma, unapita juu ya usukani. Ikigusa, ama urudi 27.5 ama ununue foku ya 29. Hiyo nayo ni ndefu zaidi, kwa hiyo tafuta ya 80 mm, la sivyo mbele kutapanda kuliko hizo 19.

Mwendapole
Na breki?

Fundi wa Kona
Diski imefungwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), haijali ringi. Wenye V-brake (breki zinazobana ringi kwa pedi) ndio wenye kazi: ringi ikiwa ndogo pedi zinakula ubavu wa tairi, ikiwa kubwa zinaangukia kwenye spoki.

Spoki36
Tyubu ya akiba beba ya 27.5 tu, inavutika mpaka 29. Ya 29 ndani ya 27.5 inajikunja na kutoboka kwenye mkunjo. Kama kipima mwendo kinasoma gurudumu la mbele, weka mzunguko mpya: 29 x 2.25 ni karibu 2,300 mm.