Uso bila kichwa: gumzo la gari la Hamisi, BMW X5

*Kikundi: Watu wa Nyumbani*

Ijumaa

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Leo ndiyo leo 📷

Hamisi: Radio ya zamani imetoka, skrini ya kiwandani imeingia. Imekaa kama imezaliwa nayo.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Mbona nyeusi?

Hamisi: Bado haijawaka shangazi 😅

Kaka Juma: Yaani umehangaika mpaka ukapata X5 ya 2004, sasa unaihangaikia ramani, na simu unayo mkononi?

Hamisi: Kaka, simu nilishaibandika pale. Kila nikipita tuta kishikio kinang'oka, simu inazama chini ya kiti, natafuta njia kwa magoti. Halafu hii si ramani tu. Radio, mafuta yaliyobaki, joto la nje, vyote vinaonekana hapohapo. Na nafasi yake iko tangu gari linatoka kiwandani.

Mjomba Idi: Hiyo skrini umeipata wapi?

Hamisi: Shikamoo mjomba. Kwa jamaa mmoja anachinja magari.

Mjomba Idi: Marahaba. Amekupa skrini peke yake?

Hamisi: Ndiyo. Kasema plagi ni zilezile, nachomeka tu.

Mjomba Idi: Amekuuzia uso bila kichwa.

Kaka Juma: 😂😂😂

Mjomba Idi: Sicheki mimi. Kwenye hiyo E53, yaani X5 za kizazi cha lako, skrini haina akili yoyote. Kompyuta ya ramani inakaa kwenye buti, kushoto, nyuma ya ule ubao wa pembeni. Na gari likija na skrini, radio nayo inahamia hukohuko nyuma. Kwa hiyo radio uliyoitoa leo haina mrithi. Hata taarifa ya habari huipati usiku huu.

Hamisi: 🤦🏾

Mjomba Idi: Rudi kwa huyo jamaa. Mwambie unataka vyote, tena kutoka gari moja: kompyuta, fremu yake ya chuma, radio ya nyuma, antena ya setilaiti, na nyaya zake zikiwa na plagi pande zote mbili. Asikukatie waya hata mmoja. Ukiokota hiki hapa na kile pale, vitafika nyumbani vikakataa kusalimiana.

Salma: Na uliza kompyuta ni MK3 au MK4. MK3 inasoma CD, MK4 inasoma DVD. Chukua MK4. Omba pia namba ya chesi ya gari vilikotoka. Akianza kujiumauma, ondoka. Vitu vya namna hii huibwa.

Hamisi: Sawa dada.

Shangazi Mwanaidi: Mimi nilidhani ni kama kubadilisha televisheni.

Jumamosi, wiki mbili baadaye

Hamisi: 📷📷📷 Seti kamili. Gari moja, namba ya chesi kanipa bila shida.

Mjomba Idi: Hapo sawa. Betri umeshachomoa?

Hamisi: Nachomoa sasa hivi.

Mjomba Idi: Iko chini ya sakafu ya buti. Hasi kwanza. Na ukikuta plagi ya njano popote, mkono nyuma. Hiyo ni ya mifuko ya hewa, si mali yako.

Shangazi Mwanaidi: Sikia maneno ya shemeji yangu, Hamisi.

Hamisi: Mjomba, nyaya kubwa nimezielewa. Umeme, ardhi, antena. Huu mweupe wenye mistari myekundu na ya njano ndio I-Bus?

Mjomba Idi: Ndio huo. Waya mmoja tu, na vyombo vyote vinaongea humo kwa zamu: skrini, radio, vitufe vya usukani, taa, sensa za kuegesha. Mwendo wake ni biti 9600 kwa sekunde. Kwa leo huo ni mwendo wa kobe, lakini kazi yao unaitosha. Usiukate kati. Uunge kwenye kiungo chake, uviringishie tepu ya kitambaa, isije ikapiga kelele ndani ya ubao.

Hamisi: Imebaki miwili myembamba. Jamaa aliniambia hii si lazima.

Mjomba Idi: Huyo jamaa ana bahati hayumo kwenye kikundi hiki. Mmoja ni ishara ya mwendo kutoka mfumo wa breki, ABS, mwingine ni ishara ya rivasi. Setilaiti inaiambia kompyuta gari liko wapi. Lakini ukiingia maegesho ya chini ya jengo setilaiti haipo, ndipo kompyuta inahesabu yenyewe: magurudumu yamezunguka kiasi gani, na gari limegeukia wapi. Kona inazisikia kwa kifaa kilichomo ndani yake. Bila waya wa rivasi utarudi nyuma huku mshale unakwenda mbele.

Kaka Juma: Kama maisha ya Hamisi

Hamisi: Kaka!! 😂

Jumamosi, saa moja jioni

Hamisi: IMEWAKA 📷 Radio inaimba. Ila kitufe cha ramani nikikibonyeza, kimya. Menyu haina hata neno la ramani.

Salma: Gari halijui kama lina ramani. Kwenye orodha ya vifaa lililotoka nayo kiwandani, ramani haimo. Nakuja na laptopu. Nitaongeza 609, hiyo ndiyo namba yao ya ramani kubwa, halafu niviandikie upya vyombo vinavyohusika. Una chaja ya betri?

Hamisi: Ninayo.

Salma: Iwe imeshachomekwa nikifika. Umeme ukishuka wakati naandika, chombo kinaweza kufa palepale, na sitaki lawama.

Shangazi Mwanaidi: Salma mwanangu, na yangu simu utanitazamia? Inasema imejaa.

Salma: Shangazi futa zile video za asubuhi njema 😄

Shangazi Mwanaidi: Zile sifuti.

Salma *(saa 3:40 usiku)*: Tayari. Menyu imetokea.

Hamisi: Lakini mshale umekaa katikati ya bahari, jamani. Dakika ya tano hii.

Mjomba Idi: Gari liko wapi?

Hamisi: Ndani ya banda, chini ya mabati.

Mjomba Idi: Litoe nje, lione mbingu. Hiyo kompyuta imekaa bila umeme muda mrefu, inajitambua upya. Inahitaji setilaiti nne angalau ndipo ijue mahali, na kupokea kalenda nzima ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Liache, nenda kaoge.

Hamisi *(baada ya nusu saa)*: Imekuja!! Niko barabarani kwetu kabisa. Ila tarehe ni ya miaka mingi iliyopita.

Salma: Hesabu ya wiki za GPS ina nafasi 1,024 tu, ikijaa inarudi sifuri. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti 1999, ya pili usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Mitambo mingi ya zamani ikapotea tarehe. Njia itakuonyesha, siku usiiulize.

Jumapili

Hamisi: Mjomba, nimezunguka nayo. Nikinyoosha iko sawa. Nikikata kona mbili tatu mshale unaingia nyumba za watu, unatulia humo, halafu unaruka kurudi barabarani.

Mjomba Idi: Kompyuta umeifunga skrubu?

Hamisi: Nimeiweka kwenye sponji kwanza, imesimama wima. Fremu iligoma kuingia.

Mjomba Idi: Ilaze kama kiwanda kilivyoilaza, kwenye fremu, skrubu zote. Kile kifaa kinachosikia kona kipo ndani yake. Ukiisimamisha na sponji inayumba, ni kama kumuuliza njia mtu aliyelala ubavu.

Hamisi: 📷 Fremu imeingia. Kulikuwa na kibanio cha plastiki nyuma, nimekisukuma kwa bisibisi.

Hamisi: Kona zote safi. Mjomba wewe ni mchawi. Imebaki kuwekea kisanduku cha bluetooth kwenye plagi ya chenja ya CD (ile mashine ya kubadilisha CD), nipate muziki wa simu. Basi, nimemaliza.

Jumatatu, wiki iliyofuata

Hamisi: Gari limekufa.

Shangazi Mwanaidi: Innalillahi. Limegonga?

Hamisi: Hapana shangazi, betri. Nililiegesha Ijumaa jioni, leo hata mlango haufunguki kwa rimoti.

Kaka Juma: Simu yangu ina ramani na gari langu linawaka. Nasema tu.

Mjomba Idi: Juma, mwache mwenzio. Hamisi, lichaji kwanza. Ikijaa, chomoa hasi, weka mita kati ya waya na betri, ikiwa kwenye ampea 10. Funga milango. Buti utaliacha wazi, lakini komeo la kufuli lisukume kwa bisibisi mpaka lijione limefungwa, taa ya buti izimike. Niambie mita inasema nini.

Hamisi: 2.1! Mjomba hii ni balaa.

Mjomba Idi: Umesubiri dakika ngapi?

Hamisi: Mbili.

Mjomba Idi: Gari hilo linalala baada ya dakika 16. Kaa mbali, usiguse mlango. Angalia kitaa kidogo kwenye mkono wa gia. Kikizimika, limelala.

Hamisi *(baada ya dakika 25)*: Kitaa bado kinawaka. Mita 0.9, haishuki.

Mjomba Idi: Ilipaswa iwe chini ya 0.05. Piga 0.9 mara saa 24, ni karibu ampea-saa 22 kila siku. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi, na betri yenyewe kongwe. Kuna mtu halali huko ndani na anawaamsha wenzake. Umeongeza nini mwisho?

Hamisi: …kisanduku cha bluetooth.

Mjomba Idi: Kichomoe. Subiri tena.

Salma: Kinajifanya chenja ya CD. Kama kinaendelea kutuma "nipo, nipo" kwenye I-Bus hata ufunguo ukitoka, hakuna atakayelala. Usiku kucha wanaitikiana.

Hamisi: Kitaa kimezimika. 0.03. Nimekaa kwenye stuli nacheka peke yangu.

Mjomba Idi: Kitafutie umeme unaokatika ukitoa ufunguo. Au sikiliza radio.

Jumamosi

Hamisi: Shangazi nakuja kukuchukua, leo gari linatuongoza lenyewe.

Shangazi Mwanaidi: Nipo tayari, nimevaa.

Shangazi Mwanaidi *(dakika 40 baadaye)*: Tumo njiani. Picha nzuri, rangi nzuri, na sauti ya mwanamke mstaarabu sana. Ila tumepanda barabara mpya, ile ya njia nne, na skrini inasema tuko porini. Mshale unaelea kwenye kijani.

Kaka Juma: DVD ni ya mwaka gani?

Hamisi: 2009 😶

Kaka Juma: 😂😂😂😂

Shangazi Mwanaidi: Yule mwanamke anatuambia tugeuke tukiweza. Hii ni mara ya sita. Hamisi kaninunia.

Mjomba Idi: Mwambie azime sauti tu, mshale auache. Mwendo unaonyesha sawa?

Shangazi Mwanaidi: Sawasawa kabisa shemeji. Hata alipopita njia akarudi nyuma, mshale nao ulirudi nyuma. Sasa kashika simu yangu mimi ndiyo natazama njia. Na imejaa, inagoma kufungua ramani.

Salma: Shangazi, zile video.

Shangazi Mwanaidi: Nimefuta mbili.