Kurekodi mudi kila siku: Daylio, How We Feel au daftari tu? Leteni uzoefu

kidole_gumba
Wakuu habari za jioni, uzi mrefu kidogo mnivumilie. Miezi minne iliyopita mshauri ninayemwona aliniambia nianze kurekodi hali yangu kila siku, maana nikienda kwake akiniuliza wiki ilikuwaje najibu "mbaya tu" na hapo ndo nakwama, sina hata mfano mmoja wa kumpa. Nimejaribu vitu vitatu, nawapa nilichoona halafu mnisaidie kuamua.

Daylio, aplikesheni ya simu, nimekaa nayo miezi miwili na kitu. Unafungua, unachagua sura moja kati ya tano, unagusa vialama vya ulichofanya siku hiyo, umemaliza, sekunde kumi haziishi na neno huandiki kama hutaki. Sasa huo urahisi ndo ulioniponza. Baada ya wiki tatu kidole gumba kilikuwa kinaenda chenyewe kwenye ile sura ya katikati, mswaki uko mdomoni, wala sijajiuliza naendeleaje. Nikaja kufungua ile picha ya mwaka yenye vimraba vya rangi nikakuta siku 19 mfululizo rangi moja, kama ukuta uliopakwa na fundi mvivu. Na humo ndani kuna siku niligombana na mdogo wangu mpaka nikazima simu, na kuna siku nilicheka mpaka machozi. Zote "hivyo hivyo".

How We Feel nayo ni aplikesheni, ni ya bure, iko chini ya shirika lisilo la faida na imetengenezwa kwa kushirikiana na wataalamu wa hisia wa chuo kikuu cha Yale. Hii inaanza kukuuliza mambo mawili: mwili una nguvu kiasi gani, na hiyo hali inapendeza au inakera. Hapo unapata rangi nne. Nyekundu nguvu nyingi hali mbaya, njano nguvu nyingi hali nzuri, bluu umeishiwa na hali mbaya, kijani umetulia na uko sawa. Halafu ndani ya rangi unachagua neno, yapo 144. Mi nilijua kabisa nina huzuni, cha ajabu wiki ya kwanza karibu kila siku naangukia nyekundu, bluu mara moja tu. Kumbe ni hasira jamani!! Nilipomwonyesha mshauri akaangalia ile simu muda mrefu akasema haya, sasa tuna pa kuanzia. Ubaya wake maneno ni ya Kiingereza, na usiku nimechoka sitaki kukaa napekua kamusi ya hisia.

Daftari nilimaliza siku 11. Siku ya 12 nilirudi nikalikuta liko wazi mezani na mimi nililifunga. Basi.

Nibaki na ipi?

mama_wa_zamu
Pole kwa hilo daftari ndugu yangu, hiyo inauma. Kuhusu Daylio, kwani ulibadilisha majina ya zile sura? Yanabadilika, na unaweza kuongeza nyingine pia. Mi zangu zote ni za nyumbani: nimenyooka, poa, nipo nipo, moyo mzito, nimevurugwa. Nikiona "moyo mzito" najua kabisa ni ipi maana ndo neno ninalomwambia dada yangu kwenye simu, ila yale ya kwao nilikuwa kwanza natafsiri kichwani, mpaka nimalize kutafsiri hata hisia yenyewe imeshapita.

Na hiyo ya katikati ilinisumbua kama wewe. Nikaipasua vipande viwili, moja "nimetulia" nyingine "nimeganda". Kwenye grafu zinakaa ngazi moja ila mwenyewe unajua ni mbingu na ardhi. Nimetulia ni nimekaa kimya kwa sababu hamna kinachonisumbua, nimeganda ni nimekaa kimya kwa sababu sina hata nguvu ya kusumbuka. Zamu za usiku tatu mfululizo lazima nigande, hilo sikulijua mpaka nilipozitenganisha.

kidole_gumba
Dada hapo kwenye kuganda umenigusa mwenyewe. Naenda kubadilisha sa hivi.

Betri_Asilimia2
Mi mudi yangu inafuata chaji ya simu, aplikesheni ya nini 😂

sitaki_lawama
Mmeongea rangi na sura, hamna aliyegusa mambo ya siri. Haya mambo unayoandika humo usiku saa sita ndo yale usiyomwambia hata mwenzako, sasa kabla hujapakua jiulize yanakaa wapi. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliibana BetterHelp, ile ya ushauri nasaha mtandaoni, kwa kupeleka taarifa za watumiaji kwa Facebook, Snapchat na wengine ili walengwe na matangazo, wakakubali kulipa dola milioni 7.8. Na mwaka mmoja kabla Mozilla, wale wenye kivinjari cha Firefox, walikagua programu 32 za afya ya akili na za sala, nyingi zikapigwa muhuri wa onyo kwa jinsi zinavyoshika data.

Daylio inaweka kumbukumbu kwenye simu yako, na ukitaka bakapu inakwenda kwenye Google Drive au iCloud yako mwenyewe, hiyo mimi naipenda. Ila elewa upande wa pili: bakapu usipowasha na simu ikapotea, umekwisha. Yalinikuta. Miezi minane ilienda na simu iliyodondoka kwenye gari, na nilichokosa zaidi sio simu. Kwa hiyo washa bakapu, weka namba ya siri ya kufungulia aplikesheni yenyewe, na uangalie kama unaweza kutoa data zako ukaondoka nazo. Ikikulazimisha kufungua akaunti na inataka namba za marafiki zako, ifute hapo hapo.

nusu_jua_nusu_mvua
Natoa upande wa sisi wenye baipola, ule ugonjwa wa hali kupanda juu sana na kushuka chini sana, maana hizi sura tano kwetu zinadanganya. Sura ya furaha kabisa kwangu inaweza kuwa ndo hatari yenyewe. Kuna wiki nilijaza furaha siku tano, kumbe nalala masaa matatu tu kwa usiku, nanunua vitu ovyo, naongea hadi watu wananikimbia, na grafu inapanda vizuri tu kama mambo yameninyookea. Nilihamia eMoods. Ile inatenganisha kushuka, kupanda juu, kukasirika haraka na wasiwasi, kila kimoja na kipimo chake, maana kwetu unaweza ukawa juu na chini siku hiyo hiyo. Unaweka masaa ya usingizi na dawa ulizomeza, mwisho wa mwezi unatoa ripoti unampa daktari. Haipendezi kuangalia, imekaa kama fomu. Ila daktari wangu anaipitia dakika mbili tu na kidole chake kinasimama kwenye usingizi kabla mimi sijafungua mdomo.

Kama huna baipola wala usijisumbue nayo, itakuchosha.

Mchovu_wa_Grafu
Samahanini naharibu sherehe. Mimi zilinizidishia. Nilikuwa na ile inayouliza maswali mara tatu kwa siku, ikawa nimekaa na watu tunaongea vizuri, simu inalia unajisikiaje, naanza kujichunguza, najikuta eti mbona kama siko sawa, na kweli naharibika. Nikaanza kuangalia grafu hata bila kuulizwa, mara sita saba kwa siku. Siku ikishuka nahuzunika kwa sababu imeshuka, kesho inashuka zaidi kwa sababu jana nilihuzunika. Nikafuta. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Kwa hiyo kama we ni wa kuwaza sana na kujirudiarudia, kuwa makini.

mama_wa_zamu
@Mchovu_wa_Grafu hujaharibu kitu, afadhali umesema. Mi notifikesheni nimezima zote, najaza mara moja nikivua viatu.

kitabu_na_kahawa
Nasomea saikolojia ya kliniki, sio daktari, mnichukulie hivyo. Aliyosema Mchovu yapo kweli, kurekodi kunamsaidia mtu pale anapoangalia mara moja moja kwa utulivu, ikigeuka kujipima joto kila saa inakuwa chakula cha wasiwasi. Na sababu ya kurekodi siku yenyewe badala ya kukumbuka baadaye ni kwamba kumbukumbu inapakwa rangi na hali uliyonayo sasa. Ukiwa chini leo, wiki nzima inaonekana ilikuwa chini. Ndo ile "mbaya tu" ya mleta uzi.

Ningeongeza kitu kimoja ambacho sio aplikesheni kabisa. Kuna dodoso linaitwa PHQ-9, lilichapishwa 2001, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha na vitu ulivyokuwa unavipenda, na kadhalika. Kila swali sifuri mpaka tatu, jumla ya juu 27, na lipo kwa Kiswahili. Ukifika 10 kwenda juu ndo wataalamu wengi wanataka kukuangalia kwa karibu. Halikupi jibu kwamba una sonona, linakwambia nenda ukaonane na mtu. Mi naona sura za kila siku zikusaidie kuona kinachokuchokoza, na hili ujaze mara moja kila wiki mbili kuona unaelekea wapi. Swali la tisa linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukijibu chochote zaidi ya sifuri usisubiri wiki mbili nyingine, mwambie mtu leo leo, na kama unahisi unaweza kufanya jambo sasa hivi nenda hospitali au piga namba ya dharura, hizi aplikesheni hamna mtu upande wa pili anayesoma.

tofaa_bichi
Wenye iPhone msipakue kitu, kuanzia iOS 17 ya 2023 programu ya Afya ina sehemu ya kurekodi hisia. Unasogeza kutoka vibaya sana mpaka vizuri sana, unachagua imetokana na nini. Haina mbwembwe, kwangu inatosha.

Betri_Asilimia2
Haya nimepakua Daylio. Sura ya mwisho nimeiita "chaji imeisha". Msinicheke.

kidole_gumba
Narudisha mrejesho, zimepita wiki tano. Nimebaki na Daylio yenye majina ya kwangu, na How We Feel nafungua siku nikiona kuna kitu ila sijui ni kitu gani, labda mara mbili kwa wiki. Notifikesheni nimezima. Jumamosi asubuhi naisoma wiki yote mara moja halafu sigusi grafu tena. Na mswaki kwanza, simu baadaye.

Nimeganda: mara 9. Saba kati ya hizo ni siku zilizofuata usiku niliolala saa nane huku natazama video. Siku za kugombana na mdogo wangu, nilizokuwa nina uhakika ndo zinanimaliza, zilikuwa mbili tu, na kesho yake zote mbili niliamka poa. Mshauri kaniuliza sasa saa nane usiku huwa unakwepa nini, sikuwa na jibu. Tunaonana naye tena Alhamisi.

mama_wa_zamu
Ukipata jibu usituambie sisi, mwambie yeye kwanza 😄 Na bakapu umewasha?

kidole_gumba
Nawasha sa hivi.