Pentasini ya chupa moja, vipande viwili, mkondo tofauti kabisa

Aliyeuliza
Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa pili wa uzamili, natengeneza transista za pentasini, ile nusu-kipitishi ya kikaboni yenye molekuli ndefu za pete tano. Nimeweka utando wa nanomita 50 juu ya vipande viwili vya silikoni yenye oksidi: ombwe moja, siku moja, chupa moja. Kipande A nilikiosha kwa asetoni tu. B kimepakwa OTS, kemikali inayoacha tabaka jembamba la kufukuza maji. Vyote vina pedi za dhahabu chini ya pentasini. B kinapitisha mkondo mara 30 zaidi ya A, na hata hicho B bado ni dhaifu. Msimamizi anasema pentasini yangu ni chafu. Wiki ya tatu hii silali vizuri.

Jibu la kwanza
Marhaba, mdogo wangu. Chupa yako haina kosa, angalia kilicho chini ya pentasini. Chaji hazitembei kwenye nanomita zote 50, zinapita tabaka chache za mwanzo zinazogusa oksidi. Hapo molekuli zimesimama wima, bega kwa bega, kila tabaka kama nanomita 1.5, na chaji inaruka kwa jirani wa pembeni. Oksidi tupu imejaa vikundi vya OH (oksijeni na hidrojeni) usoni: vinavuta unyevu, vinanasa chaji. OTS inavifunika kwa minyororo ya kaboni 18.

Dondosha tone la maji kwenye kila kipande, kabla ya pentasini, uinamishe macho yako usawa wa meza. Likitandaa, uso unapenda maji, na hiyo ni habari mbaya kwako. Likikaa duara kama kwenye jani la jimbi, endelea.

Jibu la pili
Kweli kabisa, ila udhaifu wa B mimi nausaka kwenye dhahabu. Pentasini juu ya dhahabu safi hulala, juu ya oksidi husimama. Ukingoni mwa pedi, walalao wanakutana na wasimamao, chembe zinakuwa ndogo na mpangilio unavurugika, na ndipo chaji inapotakiwa kuvukia! Tena usipige hesabu kwa ile elektroni-volti 5.1 ya vitabuni, nishati ya kung'oa elektroni kwenye dhahabu. Molekuli ikitua, inazirudisha ndani elektroni zilizokuwa zimejitokeza juu ya uso wa chuma, na namba hiyo inashuka.

Mimi jambo hili lilinikaa kichwani niliposoma kazi ya Repp na wenzake wa IBM, Zurich, 2005. Waliweka pentasini juu ya tabaka chache za chumvi, chumvi hii hii ya mezani, zilizotandikwa juu ya shaba. Wakaona obitali, yaani maumbo ya mawingu ya elektroni, za molekuli moja moja, waziwazi. Ondoa chumvi, molekuli iguse shaba, maumbo yale yanapotea. Molekuli ni ileile!

Kwa hiyo weka dhahabu mwisho, juu ya pentasini, kwa stensili, yaani kibati chenye matundu ya umbo la pedi.

Aliyeuliza
Nimerudi. Kwenye kipande cha asetoni tone limetandaa hadi nikashindwa kuona ukingo wake. Cha OTS limekaa duara, nikakiinamisha, likateleza lote. Nimemwonyesha msimamizi, akaangalia mara mbili. Stensili nakata kesho. Pengo la maikromita 100 kati ya pedi linatosha?

Jibu la pili
Linatosha, lakini kata na 50 na 200. Chora ukinzani dhidi ya urefu wa pengo, uurefushe mstari hadi urefu sifuri. Ukinzani utakaobaki hapo ni wa mguso wa dhahabu na pentasini. Utuletee namba.