Gari la Waetruski la Monteleone: lirudi Italia au libaki New York?

Wadau, mwaka 1902 mkulima wa Monteleone di Spoleto, kwenye milima ya Umbria, alikuwa akichimba katika ardhi yake akakuta kaburi la kale. Ndani mlikuwa na gari la farasi la Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, la karne ya 6 KK, limevikwa mabamba ya shaba yenye picha za maisha ya Achilles, shujaa wa hadithi za Wagiriki, na kupambwa kwa pembe za ndovu. Mwaka uliofuata lilinunuliwa na Makumbusho ya Metropolitan, New York. Liko huko hadi leo. Kijiji kimebaki na nakala.

Mimi nasema lirudi. Makumbusho hayohayo yalikubali mwaka 2006 kurudisha chombo cha divai kilichochorwa na Euphronios, mchoraji wa Kigiriki, walichokinunua 1972 kwa dola milioni 1 baada ya wezi kukichimba katika kaburi la Waetruski huko Cerveteri. Kaburi la Monteleone limekosa nini?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, hizo ni kesi mbili tofauti. Cha Cerveteri kiliibwa 1971, wakati sheria ya Italia ilikwisha kufanya vitu vya kale vilivyo ardhini kuwa mali ya serikali. Gari liliuzwa na mwenye shamba kwa hiari yake. Kijiji kilipolidai, serikali ya Italia yenyewe haikusimama nacho.

Mchangiaji wa 2: Tena Monteleone haikuwa Etruria, nchi ya Waetruski, ilikuwa nchi ya Wasabini, watu wengine wa kale wa Italia. Na chombo cha Euphronios kilitengenezwa Athens! Sasa urithi wa nani?

Mleta mada: Swali zuri, na ndilo linalonipa nguvu. Waetruski hawakutuachia vitabu vya historia. Maandishi yao yapo zaidi ya 10,000, lakini mengi ni mafupi mno, majina ya marehemu na maneno ya kuweka wakfu. Karamu zao, wanawake walioketi pamoja na waume zao mezani hadi Wagiriki wakashangaa, haya tumeyaona zaidi makaburini. Kwa hiyo mahali kitu kilipozikwa ni sehemu ya habari yake. Mkubwa wa Kisabini kuzikwa na gari la Kietruski, juu milimani, kunatueleza nani alishirikiana na nani. Ukumbini New York mtu anamwona Achilles tu, anapita. Siwasemei Waetruski, nalisemea kaburi.

Mchangiaji wa 3: Ila tukumbuke, kosa la 1903 katika kuliunganisha liligunduliwa na mtaalamu wa Kiitalia, Adriana Emiliozzi, na ni watu wa makumbusho ya New York waliolifungua na kuliunda upya pamoja naye. Kijiji kidogo vile kitaweza?

Mleta mada: Kazi hiyo nawashukuru kwa dhati. Lakini chombo cha Euphronios kilipitia Roma, sasa kiko Cerveteri kwenyewe, mji mdogo, na kinatunzwa. Kama sheria inazuia kurudisha, basi wakopeshane kwa miaka mingi. Anayepinga hata mkopo atoe sababu yake hapa.