Tupeane uzoefu: mtoto wa Down (aliyezaliwa na Down syndrome) anayesimama lakini anayumba

Mkomani, Lamu
Atakayechangia aandike kipimo na namna, si "mfanyishe mazoezi" tu. Naanza na baraza, kile kikao cha mawe mlangoni mwa nyumba. Mkalishe nyayo zote zikanyage chini, goti likunjike pembe mraba. Baraza nyingi za mji ni ndefu kwa mtoto wa miaka miwili, basi weka ubao chini ya miguu. Miguu ikining'inia, mgongo unapinda na anajishikilia kwa mikono. Mwekee anachokipenda mbele, usawa wa kifua, ainame ndipo ainuke. Mara 8 hadi 10, apumzike. Mshike nyonga. Ukimvuta mikono juu, unayesimama ni wewe.

Shela, Malindi
Nyonga hasa! Misuli ya watoto hawa imelegea na viungo vinafunguka kupita kiasi, ndiyo maana hupanua miguu wasianguke. Mpeleke ufuoni maji yakipwa, atembee kwenye mchanga wa maji ulioshikana, kisha soma nyayo. Vidole vimeelekea nje, ukingo wa ndani umezama kuliko wa nje, na baina ya mguu na mguu pana. Unyayo bapa usikutishe peke yake, hata mtoto mwengine wa umri huo anao. La kupima ni ule upana: chukua kijiti, ukate alama, urudie baada ya mwezi. Mchanga mkavu ni darasa la pili. Ukianza nao atakaa kitako na hutamwinua.

Langoni, Lamu
Na kandambili, dada?

Shela, Malindi
Hapana. Vidole vinajikunja kuishika na hatua inakuwa ya kuburura. Ndani atembee peku. Nje avae kiatu kilichokaza kisigino, soli ipinde penye vidole.

Maweni, Malindi
Kile kitembezi cha magurudumu nacho mpe jirani asiyekupenda. Mtoto huning'inia kitini akisukuma kwa ncha za vidole, nyonga hazibebi kitu. Chukua kiti cha plastiki, weka juu yake pakiti mbili za unga za kilo 2, akisukume kwa nyuma. Bila uzito kitamkimbia aanguke kifudifudi.

Mkomani, Lamu
Shingo tusiisahau. Pingili mbili za juu huweza kucheza kwa sababu kano zimelegea. Kichwangomba na kupiga mbizi gatini kwa kichwa, kataza. Shingo ikienda upande, au aliyekuwa akitembea vizuri akaanza kujikwaa, mikono ikakosa nguvu, au akarudia kujikojolea, mazoezi yasimame na aende hospitali siku hiyo hiyo. Asikandwe shingo hata na mkandaji hodari.

Langoni, Lamu
Apimwe masikio na macho pia. Maji hukaa nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu, na asiyeona vyema ukingo wa ngazi huyumba hata misuli ikiwa tayari.

Maweni, Malindi
Ngazi zenyewe je? Zenu huko Lamu ni kali.

Langoni, Lamu
Kupanda aanze kwa kutambaa, kushuka kinyumenyume, tumbo likielekea ngazi. Akishuka wima, simama chini yake ngazi moja, umtazame, mkono wake mmoja ukutani. Aweke miguu miwili kila ngazi kabla ya kuendelea. Kushuka ndiko kugumu: goti linapaswa kukunjika polepole chini ya uzito wote, na wao hulifyatua. Ngazi 3 za chini zatosha kwa siku.