Binti wa Kihindu kumtilia moto baba yake, dini yao inaruhusu?

Mshonaji_Ngamiani:
Habarini wana Tanga. Naomba wanaojua wanisaidie, na tusitukanane dini. Kuna mzee wa Kihindu mwenye duka la vitambaa, alikuwa ananikopesha mali tangu naanza ushonaji, kafariki wiki hii. Hakujaliwa mtoto wa kiume, ana mabinti wawili tu, sasa kwenye kuchoma aliyetia moto ni binti mkubwa na maneno yamekuwa mengi mjini, tena wengine wala si Wahindu, eti kakufuru, angetafutwa hata mpwa mradi mwanaume. Vitabu vyao vinasemaje? Na mjane wake hajafika hata miaka 50, nasikia kwao mjane haolewi tena na zamani alichomwa mzimamzima pamoja na mumewe, kweli au stori za vijiweni? Halafu tukienda kutoa pole tunafanyaje, huyu mama ni mtu wangu sana.

Bi_Makorora:
Shoga nenda wala usiogope. Vaa nyeupe au rangi iliyopoa, nyekundu na za kumetameta acha nyumbani, viatu vua mlangoni. Usibebe nyama wala samaki wala mayai, matunda yanatosha. Nimekua nyumba moja na Wagujarati, siku ya msiba jiko lao haliwashwi mpaka maiti atoke, majirani ndio wanalisha watu, mamangu alikuwa anawapelekea chai ya maziwa kwenye chupa kubwa. Kaa nae tu mshike mkono.

Mzaliwa_Chumbageni:
Dada asante kwa kuuliza kwa heshima. Mi ni Mhindu, nimezaliwa hapahapa Tanga, babu zetu walitoka Gujarat. Huyo binti hajakufuru hata kidogo na imeniuma kusikia anasemwa hivyo wakati bado ana majivu ya baba yake mkononi.

Ni kweli desturi inampa kazi hiyo mtoto mkubwa wa kiume, na wazee wanashikilia mstari wa Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu kinachohesabiwa ni cha Manu, sura ya 9 kwamba mtoto wa kiume anamwokoa baba na jehanamu iitwayo Put. Sawa. Lakini sura hiyohiyo, mstari wa 130, unasema mtoto wa kiume ni kama nafsi ya mtu mwenyewe na binti ni sawa na mtoto wa kiume, hapo anaongelea urithi, basi kama binti ni sawa na kaka yake kwenye mali ya baba anakuwaje si kitu kwenye kumzika? Atal Bihari Vajpayee, aliyekuwa waziri mkuu wa India, tena wa chama cha watu wanaoshika sana dini, alipofariki Agosti 2018 aliyemtilia moto ni binti yake wa kulea, watu wakaona laivu kwenye tivii.

Hiyo ya wajane kuchomwa inaitwa sati na ilikuwepo kweli. Haikuwa kila familia wala kila jimbo, ila Bengal ilizidi. Aliyeipigia kelele ni Mhindu mwenyewe, Raja Ram Mohan Roy, aliwaendea na vitabu vyao akawaonyesha kwamba Manu anamtaka mjane aishi kwa kujizuia, na mtu hawezi kuishi kwa kujizuia kama keshateketezwa. Waingereza wakapiga marufuku Desemba 1829, wakubwa wa Calcutta wakakata rufaa mpaka London wakashindwa 1832.

Kuolewa tena aliyepigania ni Ishwar Chandra Vidyasagar, msomi wa Kisanskriti haswa. Alitafuta mpaka akapata kwenye Parashara Smriti, kitabu kingine cha kale cha sheria, mume akifa au akipotea mwanamke anaruhusiwa mume mwingine, na Parashara ndiye anayehesabiwa kuandika kwa ajili ya zama hizi tulizomo za Kali. Sheria ikapita 1856 japo waliosaini kuipinga walikuwa wengi kuliko waliounga mkono, na ilikuwa na ubaya wake, mjane akiolewa anapoteza alichorithi kwa marehemu. 1870 mtoto wa kiume wa Vidyasagar mwenyewe akaoa mjane. Na kwetu Gujarat mshairi Narmad naye alioa mjane, watu wa kabila lake wakamtenga. Kwa hiyo huyo mama akitaka kuolewa dini haimzuii, watakaomzuia ni majirani.

Kaka_Pongwe:
Mi nje ya dini yenu bro lakini naona hapo mnachagua mistari. Kama kitabu kimesema mtoto wa kiume, ni wa kiume. Mila ikianza kupinda haina mwisho.

Mzaliwa_Chumbageni:
Kaka nakuelewa ila hata waliomnyima mjane walichagua. Zamani watoto wa kike wa miaka 8, 9 walikuwa wanaozwa, mume akifa kabla hata hawajaishi pamoja yule mtoto anavunjwa bangili, ananyolewa, anavalishwa nyeupe maisha yake yote, hapo mstari wa Parashara walikuwa wameuficha wapi? Walioteseka kwa uchaguzi ule ni watoto, leo binti anamsindikiza baba yake haumizwi mtu.

Bi_Makorora:
Nakazia hapo. Mie mwenyewe nilikaa eda miezi minne na siku kumi, ilipoisha nikaisha nayo, sikufungwa maisha.

Mshonaji_Ngamiani:
Nimewaelewa na nashukuru sana. Tumeenda jana na mama, tumepeleka ndizi na machungwa, yule mama katushika mikono akalia. Binti kasema turudi siku ya 13, ndio arobaini yao?

Mzaliwa_Chumbageni:
Inakaribiana. Siku hiyo familia inatoka kwenye msiba, kuna sala asubuhi halafu watu wanalishwa chakula kisicho na nyama. Fikeni mapema na mle, ukikataa chakula wanaumia. Vitambaa na pesa hazidaiwi ila ukitaka kutoa chochote mpe binti mkubwa, ndiye anayesimamia.